Rangi Iliyokataa Kuzama

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Waulize wanafunzi niliowafukuza maabara kwa kuingia na chupa za soda. Lakini Matone nilimpenda tangu mwaka wake wa kwanza, ingawa sikumwambia, maana ukimsifu mwanafunzi mapema huvimba kichwa na kusahau kufunga valvu.

Jina hilo walimpa wenzake. Siku moja walimkuta amesimama mbele ya bomba bovu la kunawia mikono, macho kwenye saa, anahesabu matone. Walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilikuwa nimefika na spana kulitengeneza bomba lile, naye akaniomba nisubiri dakika tano amalize kuhesabu. Nilisubiri huku nimenuna. Baadaye nikaja kujua kwamba baba yake alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na utotoni alikuwa akifuatana naye nyumba kwa nyumba, mtoto akisoma namba, baba akiandika. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona maji yakipita bila kuuliza yanapita kiasi gani.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Mume muuguzi, binti mmoja wa miaka saba, na kazi ya ukufunzi msaidizi katika maabara yetu ya maji, ambayo mimi ni fundi wake kwa mwaka wa ishirini na mbili. Alichokitaka ni kimoja: kusomea shahada ya uzamivu juu ya namna maji machafu yanavyosambaa mtoni. Alikuwa ameomba mara mbili na mara mbili akanyimwa. Mara hii ya tatu aliomba chuo cha ng'ambo, kwa profesa ambaye makala zake alizisoma hadi karatasi zikalegea. Ufadhili wenyewe ulikuwa na kikomo cha umri, miaka thelathini na mitano, na yeye angeitimiza wiki tisa baada ya mahojiano. Kwa hiyo mara ya nne haikuwapo.

Maabara yetu ni chumba kirefu chenye harufu ya saruji mbichi na mpira. Katikati pana mfereji wa vioo, urefu wake mita kumi na mbili, na maji hupita ndani taratibu kama watu wanaotoka msibani. Chini yake kuna pampu. Pampu ile nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii mara nyingi kuliko nilivyomsuka nywele binti yangu.

Humo ndimo Matone alimojenga mto wake mdogo. Aliweka changarawe chini na kingo za saruji pembeni. Upande wa juu aliweka sindano nene iliyomwaga rangi nyekundu badala ya maji taka ya kiwanda cha nguo kilichoko juu ya mji wetu. Mita nane mbele, sakafuni, alitoboa kitundu badala ya bomba linalochukua maji ya mji. Vitabu vilisema rangi ingechanganyika na maji kabla ya kufika hapo. Kwake haikuchanganyika. Ilizama, ikatambaa juu ya changarawe kama nyoka, ikaingia kitunduni moja kwa moja.

Alifanya majaribio thelathini na moja kwa miezi kumi na minne. Ishirini na tano yalizama. Sita yalikataa, rangi ikatawanyika kama vitabu vilivyosema, na yote sita yalikuwa ya siku ambazo umeme ulikatika na kurudi. Pembeni mwa kila moja aliandika: kasoro ya pampu. Niliona maneno yale nikakunja uso, lakini sikusema kitu. Hiyo rangi inayozama ndiyo iliyojaza ukurasa wa nne wa maombi yake, na ndiyo iliyomfanya profesa amwandikie kwamba angependa kuiona kwa macho yake, kwa njia ya kompyuta, Jumanne saa nane mchana.

Jumanne ile alifika saa moja asubuhi, amevaa blauzi mpya ya buluu aliyoshonewa na mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Kola ilikuwa imesimama wima kama inadai haki yake.

"Anayehojiwa ni wewe au hiyo kola?" nikamwuliza.

"Fundi, usinichekeshe, nitatapika."

Saa mbili tukafanya jaribio la mazoezi. Alifungua sindano, nami nikasimama kwenye kitundu na tochi. Rangi ilitoka, ikaelea kidogo, kisha ikajitawanya huku na huku. Mfereji wote ukawa rangi ya waridi kuanzia juu hadi chini. Kitunduni haikuingia rangi yoyote ya maana.

"Hapana," Matone alisema. "Hapana, hapana. Si leo."

Alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, na nguo yake nzuri vilevile, akaanza kusikiliza pampu. Alikagua valvu, akakagua wavu wa kutuliza maji, akapima kina mara tatu. Mimi nikachukua chupa ya rangi ili niongeze ndani ya tangi la sindano.

Nilipoishika, mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Chupa ilikuwa ya vuguvugu.

Lazima nieleze hapa, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Miaka mitatu nyuma, rangi ya kundi jingine iliota ukungu na kunuka hadi mkuu wa idara akaja kuuliza nani kafa. Tangu siku ile kila rangi naiweka kwenye friji ya maabara, nyuma ya maziwa yangu. Hakuna aliyeniagiza na hakuna niliyemwambia. Kwangu ilikuwa usafi tu, kama kukunja matambara. Asubuhi ya jaribio nilikuwa naitoa chupa na kujaza tangi, na Matone akija anakuta kila kitu tayari. Lakini Jumatatu alasiri nilikuwa nimezima friji iyeyuke barafu, na baada ya kujaza tangi nikaiacha chupa mezani.

Maji baridi ni mazito kuliko maji ya vuguvugu. Hilo hata mimi ambaye sikumaliza chuo nalijua. Rangi ile haikuwa ikizama kwa sababu ya mto wala kiwanda. Ilikuwa ikizama kwa sababu yangu. Na zile siku sita za umeme kukatika, friji ilikuwa imezimika. Daftari la majaribio lilikuwa na safu ya joto la maji. Safu ya joto la rangi haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba rangi ina joto lake.

Nilisimama na chupa mkononi. Matone alikuwa bado chini ya mfereji, nikiziona nyayo za viatu vyake. Neno moja tu lingetosha.

"Ngoja nikaangalie valvu ya nyuma," nilisema, nikaondoka na chupa, nikaiwasha friji na kuisokomeza chupa kwenye sehemu ya barafu.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake. Wiki tisa, mara ya tatu, mtoto wa msoma mita. Nani angekufa kwa rangi ya baridi?

Saa tano nikajaza tangi upya, tukarudia. Rangi ilizama vizuri kuliko siku zote, ikatambaa, ikaingia kitunduni kama imeitwa kwa jina. Matone aliruka, akanikumbatia, akampigia mumewe simu. "Imezama! Nakwambia imezama!" Mume, ambaye kazi yake ni vidonda na sindano za aina nyingine, alishangilia hadi nikamsikia mimi niliyesimama mbali. Nilicheka pamoja nao. Chakula changu cha mchana nilikifungua nikakifunga.

Saa sita na nusu alikaa kuandika daftari. Nilikuwa nafuta vioo nyuma yake. Nikaona anachora mstari wa asubuhi, jaribio la thelathini na mbili, na pembeni anaandika: kasoro ya pampu.

Hapo nikachemka. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa. Dhamiri haikunitikisa saa nne nzima, ila nilipoona pampu yangu inasingiziwa kwa mara ya saba, ulimi ukakatika kamba.

"Pampu haina kosa," nilisema.

"Ah, Fundi, ni maneno tu ya kujaza pale."

"Nimesema haina kosa! Niliifungua Ijumaa, nikabadilisha beringi, inazunguka kama saa. Usiandike uongo juu ya pampu yangu."

Akageuka. "Basi kosa ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwaga yote, friji, ukungu, maziwa, chupa ya mezani. Alinyanyuka, akaenda kuishika chupa. Kisha akarudi kwenye daftari na kupitisha kidole kwenye zile tarehe sita, moja baada ya nyingine.

"Umeme," alisema polepole. "Friji."

"Ndiyo."

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na hii ya saa tano?"

"Niliitia kwenye barafu."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu ninayempenda. "Ungeniambia saa mbili, ningeomba waahirishe. Ungenyamaza hadi kesho, ningeingia pale bila kujua. Umechagua saa hii. Imebaki saa moja na nusu, Fundi! Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Wewe hutaki niende."

Nilitaka kumkana, nikakumbuka. Siku aliponiambia ameitwa kwenye mahojiano nilimpa hongera, kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia la changarawe hadi macho yakanikauka. Wanangu watatu wameshaondoka nyumbani. Watu niliowafundisha kushika spana wako kila pembe ya dunia, hakuna hata mmoja anayeuliza hali yangu. Huyu ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi. Sikutaka aende, huo ndio ukweli. Kama ni huo ulionifungua mdomo, au ni pampu, au ni hofu ya Mungu, sikujua wakati ule na hadi leo sijui.

"Sijui," nikamwambia.

"Toka nje."

Nilitoka. Nikakaa barazani na aproni yangu mbichi, nikisikiliza. Hakulia. Nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa, na hatua zake. Mara nyingi nilinyanyuka nigonge mlango, nikakaa tena.

Saa nane kasoro dakika tano mlango ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ingia," alisema bila kunitazama. "Jaza matangi mawili. Moja la baridi, moja la vuguvugu. Uandike joto la kila moja."

Kwenye kompyuta walitokea watatu: profesa mwenyewe, mwanamke mwenye miwani, na kijana aliyekuwa akiandika tu. Walizungumza kwa lugha yao, nami niliambulia nusu. Nusu nyingine Matone alinieleza siku nyingi baadaye.

Alianza na rangi ya baridi. Ikazama, ikatambaa, ikaingia kitunduni. Profesa akasogea karibu na kioo chake, akatabasamu, akasema ndiyo hii, ndiyo hii hasa. Matone angeweza kuishia pale. Watu watatu wameridhika, kazi imekwisha, na mimi nisingefungua mdomo tena maishani. Akafungua tangi la pili.

Rangi ikatawanyika. Tabasamu la profesa likaondoka. Matone akaeleza moja kwa moja, bila kupamba, kwamba ukurasa wa nne si sahihi.

"Kwa hiyo kati ya majaribio yako thelathini na moja," mwanamke aliuliza, "unayaamini mangapi?"

"Sita," Matone alijibu. "Yale niliyoyakataa."

Mwanamke akavua miwani. Kijana akaacha kuandika. "Na rangi alikuwa akiihifadhi nani?" mwanamke akauliza.

"Jaribio ni langu. Sikuuliza, wala sikupima. Kosa ni langu."

Hilo lilinishinda. Nilimpita nikasimama mbele ya kamera na aproni yangu, nikasema kwa ile lugha yao ninayoivunjavunja: ni mimi, naitwa fundi, niliweka kwenye friji. Matone alinivuta mkono, sikuondoka hadi nilipomaliza. Profesa alinitikisia kichwa kwa adabu. Kisha akamgeukia Matone na kuuliza swali ambalo nilidhani ni dogo.

"Na maji ya kiwanda chenyewe, yakitoka yana joto gani?"

Miezi kumi na minne, karatasi mia mbili, na hakuna aliyewahi kwenda kutia kipimajoto kwenye mdomo wa lile bomba.

"Sijui," Matone alisema.

Nilijua tumekwisha. Profesa alisema kamati itakaa baada ya wiki tatu, na kama ana chochote cha kuongeza akitume kabla ya hapo. Wakaaga. Kioo kikawa cheusi. Matone akaanza kukunja nyaya, moja moja, taratibu.

Kesho yake alfajiri nilimkuta nje ya maabara na kipimajoto na kamba. "Twende," alisema tu. Nilikwenda.

Bomba la kiwanda linatokea kwenye ukingo, chini ya ukuta. Kwa ubaridi wa asubuhi maji yake yalikuwa yakifuka mvuke kidogo, kitu ambacho mtu anakiona kila siku bila kukifikiria. Alifunga kipimajoto kwenye kamba, nami nikamshika asiteleze. Digrii arobaini na moja. Tukapima mto wenyewe juu ya bomba: ishirini na tano.

"Yana moto," alisema. "Hayazami. Hayawezi kuzama."

Mbele kidogo walikuwapo kina mama wanaoishi nyumba zisizo na mabomba, wanachota maji ya matumizi. Walikuwa wakichota kwa uangalifu, ule uangalifu ambao sote tulifundishwa na mama zetu: unalaza ndoo kidogo, unachota juu juu, ili usitibue tope la chini. Maana sote tunajua kwamba maji safi ni ya juu.

Matone alisimama akiwatazama hadi ndoo tatu zikajaa.

"Fundi," alisema, "wanachota juu."

Tulirudi tukakimbilia mfereji. Kwa siku kumi na sita tulifanya majaribio ishirini, rangi ikiwa imepashwa moto hadi izidi maji kwa digrii kumi na sita. Kumi na tisa yalielea, yakajibana kwenye ukingo palepale kina mama wanapoinamia, wala hayakuchanganyika upesi. Moja liliharibika kwa kuwa sindano iliziba, na hivyo ndivyo alivyoandika, baada ya kuniita nije nithibitishe kwa macho yangu. Kila mstari wa daftari sasa ulikuwa na joto la rangi, na kila mstari alinitaka nitie sahihi. Nilitia. Zaidi ya hapo hakunisemesha. Aliniambia shika, fungua, zima, asante. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kwa ule ukimya kuliko kwa kazi.

Barua pepe kwa ofisi ya maji ya mji aliiandika kwanza, kabla ya ile ya profesa. Akaeleza kuhusu kina mama na ndoo. Nilimwona akiituma. Ndipo akatuma ile nyingine, majaribio yote, mabovu na mazima, zikiwa zimebaki siku mbili kamati ikae.

Jibu lilikuja Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nakaza nati chini ya mfereji nikasikia kiti chake kimeacha kulia. Nikatoka. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, kiganja kimeziba mdomo.

"Wamekataa?" nikauliza.

"Nimepata."

Nikasema hongera. Ilitoka kavu, hata mimi niliisikia. Akageuza kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akanitazama usoni.

"Sasa niambie ukweli. Umefurahi?"

Ningeweza kudanganya, na pengine heshima ingetaka hivyo. "Nusu," nikasema.

"Na nusu nyingine?"

"Haitaki uende. Haikutaka tangu mwanzo. Siku ile nayo ilikuwamo, Matone. Sijui ilisema kiasi gani, lakini ilikuwamo."

Alikunja na kukunjua karatasi iliyokuwa mezani.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana nilikasirika. Lakini ulichosema kilikuwa kweli?"

"Kilikuwa kweli."

"Basi mimi nakwenda," alisema, "na wewe utakuwa unanipigia simu. Usingoje mimi nipige."

Nilimwambia sina mazoea ya kupigia watu simu. Alisema atanifundisha. Nikakaa sakafuni palepale kwenye maji, mtu mzima mimi, nikalia, na yeye akashuka kwenye kiti akakaa karibu nami.